Mpimeni Kabla ya Kumhukumu: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu Eldoret

Kwa walimu wakuu wa shule za umma na za kibinafsi Eldoret;
Kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Uasin Gishu;
Kwa Idara ya Elimu, Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Langas, na riziki yangu naipata kwa kuuza mitumba. Ninawaandikia hadharani kwa sababu nilipokuja ofisini nilisikilizwa vizuri, nikashukuriwa kwa kuja, na mambo yakaishia hapo. Tena jambo lenyewe si la mtoto wangu peke yake. Wazazi ninaokutana nao wananieleza habari ile ile, wengine kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu.

Mwanangu wa pili yuko Gredi ya 7. Ana disleksia, na pia ana ile hali ya ubongo kushindwa kutuliza umakini ambayo madaktari huiita ADHD. Maneno hayo mawili niliyapata akiwa na miaka 11. Kabla ya hapo alikuwa na majina mengine, yote ya shuleni: kichwa ngumu, mvivu, mtukutu, mtoto anayevuta darasa chini. Alipita mikononi mwa mwalimu baada ya mwalimu, watu waliosomea kazi yao, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtoto anayeweza kusimulia hadithi nzima kwa mdomo, na wenzake wakacheka pale pa kucheka, hawezi kuandika sentensi tatu zinazosomeka.

Ninalowaomba ni moja, na mengine yote yanatoka hapo: mtoto apimwe kabla ya kuhukumiwa.

1. Hizi ni hali za ubongo. Uvivu haumo.

Mtoto mwenye disleksia ana akili zake timamu. Kinachomtatiza ni kuunganisha sauti na herufi kwa ile kasi ambayo wenzake wanaipata bila hata kujua wameipata. Mwenye ADHD hapuuzi kwa makusudi. Ubongo wake unapata tabu kuchagua la kushika na la kuachilia, na mara nyingi mwili nao unakataa kutulia. Mwenye usonji (autism) anaisikia na kuiona dunia kwa namna yake. Kengele ambayo wewe hata huisikii tena inaweza kumuumiza kweli, na ratiba ikibadilishwa ghafla siku yake nzima inavurugika. Hali hizi huanza mtoto akiwa bado anaumbika, kwa kiasi kikubwa hurithiwa, na mara nyingi mbili hukaa kwa mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. ADHD na disleksia zimeenea zaidi ya hapo. Shule yenye wanafunzi mia tano haiwezi kusema haina hata mmoja.

Mwaka 2015 Joseph Gona na watafiti wenzake walichapisha utafiti walioufanya Pwani ya Kenya kuhusu yale ambayo wazazi na wataalamu wanaamini husababisha usonji. Pepo, uchawi na laana zilitajwa pamoja na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Huku kwetu bara mambo si tofauti sana. Mimi nilishauriwa nimpeleke mwanangu akaombewe, nikampeleka, na sijutii maombi hata kidogo. Lakini mtoto aliyeombewa bado anahitaji kupimwa.

Sasa naomba walimu wa lugha wanisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watoto wetu wengi wanapotupotea. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishajua ba be bi bo bu, umeshika njia. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia hujikokota, hujikokota, na mwishowe analisoma neno sawasawa. Nimekaa na mwanangu mezani akisoma neno "walipofika". Kidole kiko chini ya wa, kinasogea kwa li, kinasubiri, po, kinasogea tena, fi, ka. Amelipata! Lakini kulipata kumemla nguvu zote, na akifika mwisho wa aya ukimuuliza ni nani waliofika, anakutazama tu. Mwalimu amesikia neno likitamkwa vizuri, anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto anajua kusoma.

Kisha Gredi ya 4 inafika, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo "knife" inaanza kwa herufi isiyotamkwa na "though" hailingani na "tough". Mtoto yule yule anaanguka kama gunia. Na hapo ndipo anapoambiwa: Kiswahili unakiweza, basi Kiingereza ni uvivu tu. Watafiti wa usomaji wamelieleza jambo hili miaka mingi kwa Kiitaliano, Kijerumani na Kifini, lugha zinazoandikwa kama zinavyosikika: disleksia ndani yake huonekana kwa mwendo wa kobe zaidi ya makosa. Mwalimu anayehesabu makosa pekee hataiona. Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihitaji hata shilingi moja. Katika Gredi ya 2 na ya 3, msikilizeni kila mtoto akisoma aya fupi ya Kiswahili huku mkitazama saa, kisha mmuulize amesoma nini. Dakika chache kwa kila mtoto, na jina la anayejikokota liandikwe mahali.

2. Fimbo ilikatazwa. Iondoeni darasani.

Serikali ilifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010 ikaikataza, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Kifungu cha 54 cha Katiba kinaongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Walimu wakuu, mnayajua haya kuliko mimi.

Katika shule moja ya hapa mjini, mwanangu alichapwa kwa kusahau kalamu, akachapwa kwa kusahau kitabu, akachapwa kwa kuinuka kitini bila ruhusa. Haya matatu ndiyo dalili zenyewe za hali aliyo nayo. Ukiyaorodhesha mbele ya daktari wa watoto, anaanza kuandika. Adhabu iliyoniuma zaidi haikuwa fimbo. Aliwekwa apige magoti nje ya darasa kila akishindwa kusoma, na waliokuwa ndani wakaendelea na somo la kusoma. Mtoto aliyehitaji somo lile kuliko wote akawa ndiye asiyelipata, wiki nenda wiki rudi.

Na kuna watoto wengine ambao fimbo haiwafikii, nao wanaumia kimya kimya. Nawazungumzia hasa wasichana. Msichana mwenye ADHD mara nyingi haruki wala hapigi kelele. Amekaa karibu na dirisha, daftari liko wazi, macho yako ubaoni, mawazo yako mbali. Hasumbui mtu, basi anavushwa darasa hadi darasa, na kila ripoti inasema "ajitahidi zaidi". Yeye ndiye anayejitahidi kuliko wote.

Ombi: mwalimu mkuu aandike, asome mbele ya walimu wake, na abandike ukutani kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa kushindwa kusoma, kusahau vifaa au kushindwa kutulia. Mtoto wa namna hiyo jina lake lipelekwe kwenye tathmini.

3. Kituo cha tathmini kipo, mlango wake haujulikani.

Huduma ya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ilianzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikaja taasisi ya KISE kule Kasarani kuwafunza walimu. Vituo vyenyewe, ambavyo wengi huviita EARC, viko chini ya Wizara ya Elimu. Yaani kabla hata sijaanza shule, nchi hii ilikuwa imekubali kwamba mtoto anayeshindwa masomo apimwe ijulikane shida iko wapi.

Mimi habari za kituo niliambiwa na mteja aliyekuja kununua koti. Shuleni sikuwahi kuambiwa. Kila muhula niliitwa ofisini, nikaketi kwenye kile kiti cha wazazi wenye makosa, nikaelezwa ubaya wa mwanangu, na hakuna siku niliyopewa karatasi yenye anwani ya pa kumpeleka. Nina hakika mwalimu yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na darasa lililojaa hadi mlangoni, na huenda naye hakuwahi kuambiwa. Lakini Mkurugenzi, hilo ndilo la kurekebishwa na ofisi yako, kwa sababu mzazi hawezi kuutafuta mlango asiojua kwamba upo.

Eldoret haina kisingizio katika jambo hili. Mji huu ndio uliofundisha wengine jinsi ya kuwafuata watu walipo. Virusi vya Ukimwi vilipokuwa vinatumaliza, mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na washirika wao haukungoja wagonjwa wajilete. Watoa ushauri waliingia vijijini na mitaani, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakapima watu sebuleni mwao. Waliokuwa wakificha hali zao wakatoka. Kama tuliweza hivyo kwa ugonjwa uliobeba aibu kubwa namna ile, tunashindwa vipi kumpeleka afisa wa tathmini kwenye shule ya msingi ya Huruma au Munyaka siku moja kwa muhula?

Ombi: Mkurugenzi atoe ratiba ya ziara za maafisa wa tathmini, shule kwa shule, nasi wazazi tuione. Kama maafisa ni wachache, kaunti hii ina Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, vyote viwili vinafundisha walimu. Wanafunzi wao wanaokuja mazoezini shuleni wafunzwe kufanya ule usikilizaji nilioutaja katika nambari ya kwanza, kisha afisa aanze na majina waliyoyapata. Na tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Hadhi hiyo tuione pia katika huduma za mtoto wa Langas.

4. "Mpeleke shule maalumu" si jibu la kila mtoto.

Hilo ndilo nililoambiwa mwanzoni, kabla ya kipimo chochote. Ninaziheshimu shule maalumu, na kuna watoto ambao pale ndipo mahali pao hasa. Lakini mtoto ambaye shida yake ni kusoma, na hesabu za kichwani anazifanya haraka kuliko mimi ninayeshika pesa kutwa, hana sababu ya kutengwa. Sera ya wizara ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka wasome pamoja na wenzao, na shule ndiyo ijirekebishe. Kujirekebisha kwenyewe ni vitu vidogo: akae mbele mbali na mlango, maagizo yatolewe moja moja, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa zima, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, apewe kazi ya kusimama kidogo kama kugawa madaftari. Shule aliyoko sasa mwanangu inafanya haya yote, na ni shule ya umma ya kawaida yenye madarasa ya kawaida. Mwalimu wake mmoja tu ndiye aliyesomea mahitaji maalumu. Wengine walimwuliza, wakaiga.

5. Mtihani usigeuke kipimo cha kasi ya macho.

Hesabu ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu inajulikana: mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20, mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mtoto ambaye hakupimwa hadi Gredi ya 7 ameshapoteza sehemu ya alama zake, na hakuna anayemrudishia. Baraza la mitihani, KNEC, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada. Lakini mtahiniwa anasajiliwa na shule. Mwalimu mkuu asipoijaza ile sehemu, au akiikumbuka usajili ukiwa umefungwa, mtoto anaingia chumba cha mtihani na karatasi ya kurasa nyingi na saa ile ile ya wenzake. Anaacha maswali ambayo majibu yake anayajua.

Naomba usajili wa watoto hawa uanze mwaka mmoja kabla. Naomba pia muda wa ziada utolewe katika mitihani ya kila muhula, mtoto azoee kuutumia. Na zile orodha za nambari zinazobandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, ziondolewe. Mwanangu alikuwa anazipita akiwa ameinamisha kichwa, na hadi leo akifika kwenye ubao wowote wa matangazo, hata wa kanisani, anageuka.

6. Serikali ya kaunti, chekechea ni zenu.

Jedwali la Nne la Katiba lilizipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza katika maisha ya mtoto wanaoweza kuona kwamba haitiki akiitwa jina, hachezi na wenzake, anaziba masikio wimbo ukianza, au hawezi kukumbuka sauti za herufi baada ya mwaka mzima, ni mwalimu anayelipwa na ninyi. Wafunzeni walimu hao dalili. Wapeni fomu ya ukurasa mmoja ya kumfuata mtoto hadi Gredi ya 1, ili mwalimu mpya asianze kumkisia upya. Usonji hasa ukitambuliwa mapema, mtoto husaidiwa kuzungumza na kujimudu katika miaka ile ambayo ubongo bado unajengeka kwa kasi. Sehemu ya miaka hiyo iko mikononi mwa kaunti.

Vyuo vya ufundi navyo vingi huwapokea vijana walioangushwa na maandishi. Kijana anayeweza kufungua injini na kuirudisha anaposhindwa mtihani wa kuandika kuhusu injini, mtahini amwulize injini ikiwa mezani.

7. Watoto hawa wanakua, na wanataka kazi.

Kaka yangu ana hali kama ya mwanangu. Ilijulikana baada ya mtoto kupimwa, daktari alipouliza habari za ukoo. Alifanya kazi katika ghala moja mjini. Msimamizi alikuwa anapita asubuhi akitoa maagizo matano sita kwa pumzi moja, na kaka akifika la tatu, la kwanza limeshatoroka. Aliomba kwa adabu atumiwe maagizo kwa simu, kwa maandishi mafupi. Alijibiwa kwamba pale si chekechea. Haukupita muda akaachishwa. Sasa yuko karakana moja Kapsoya ambako mwenye karakana huandika kazi za siku kwa chaki ukutani, na kila iliyokamilika inapigwa mstari. Kaka ndiye anayeachiwa funguo jioni.

Katiba inataka angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua, na Bunge lilipitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2025. Serikali ya kaunti ni miongoni mwa waajiri wakubwa hapa kwetu, kwa hiyo ianze yenyewe. Matangazo ya kazi yaseme wazi kwamba mwombaji anaweza kuomba maswali ya usaili kwa maandishi. Wanaosaili wafunzwe kwamba kijana mwenye usonji asiyekutazama machoni hafichi kitu na wala hana dharau. Ofisi iruhusu mtu kufanya kazi pembeni mbali na kelele. Na kama mtu ataomba maagizo yaandikwe, yaandikwe.

Waheshimiwa, najua mtaniambia fedha hazitoshi. Baadhi ya haya yanahitaji fedha kweli: maafisa wa tathmini, mafunzo, usafiri wa kufika shule za mbali kama za Kesses na Moiben. Mengi hayazihitaji. Kumsikiliza mtoto akisoma ni bure. Kumjaza mtoto kwenye fomu ya mtihani mapema ni bure. Kuacha kumwita zuzu ni bure. Na gharama ya kutofanya lolote tunailipa sisi sasa hivi, kwa vijana wanaokaa vibarazani wakiamini kwamba hawana akili kwa sababu mtu mzima waliyemwamini aliwaambia hivyo wakiwa na miaka saba.

Naomba mambo matatu yafanyike kabla muhula ujao haujafunguliwa. Mkurugenzi atangaze ratiba ya ziara za tathmini, pamoja na jina la ofisi na nambari ya simu ambayo mzazi atapiga. Kila mwalimu mkuu abandike nambari hiyo langoni pa shule, pale tunaposoma tangazo la karo. Nayo Idara ya Elimu ya kaunti iseme hadharani ni lini walimu wa chekechea wataanza kufunzwa.

Nimeanza kuandika majina ya wazazi wa Langas, Kimumu na Kapsoya walio tayari kusimama na kusema. Bajeti ya kaunti itakapoletwa kwa wananchi kutoa maoni, tutakuja pamoja, na tutauliza fungu la kuwapima watoto hawa liko ukurasa gani.

Wenu kwa heshima,

Mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 7,
Langas, Eldoret.